Chupa ya Vesprée kwa Gustave

Roubaix, 12 Januari 1997

Kaka Titin,

Salamu za mwaka mpya zimechelewa, lakini mwaka wenyewe ndiyo kwanza umeanza, bado hazijachacha. Huku tupo. Baridi ipo, mfereji umeganda tangu Krismasi, na watoto wa mtaa wanateleza juu yake mama zao wakipiga kelele dirishani. Francine binti yangu anakusalimu. Anakuja Jumatano na Jumapili, ananifulia mashuka, ananitazama usoni, halafu anakwenda kulia ndani ya gari lake akidhani simwoni.

Asante kwa mkate wa maua ya mchungwa uliotutumia. Gustave aliula wote.

Ukipiga simu hutanipata. Shemeji yako Gustave aliukata waya kwa mkasi wake wa kiwandani, ule wa kukatia nyuzi. Anasema kuna mtu humo ndani anamsema vibaya. Nimeuacha hivyo hivyo, maana kila ikilia alikuwa anajificha chini ya meza, na mimi kumtoa huko siwezi tena. Kwa hiyo ni barua, kama zamani.

Sasa nikwambie. Gustave hanijui. Si kwamba hanipendi, ananiheshimu mno. Ananiita Bibie. Asubuhi nikimvisha soksi anasema, "Asante, Bibie. Mungu akubariki. Wewe si mvivu kama yule wa jana." Yule wa jana nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechoka, nilimvisha soksi moja.

Francine ameona kwenye gazeti la picha, kwa msusi wake, kwamba Vesprée, yale manukato yangu, imerudi madukani. Watu wa Paris wamenunua jina la Nyumba ya Castagnier, kile kiwanda chenu, na wameifufua kama ilivyokuwa, na chupa ile ile ya mabega mapana. Unaikumbuka chupa yangu? Kiwanda kilimpa kila bibi harusi wa jamaa ya mfanyakazi chupa moja, na yangu uliileta wewe umeifungia kwenye aproni, ukanukia mwezi mzima wenzako wakikuita mchumba. Niliitumia kila Jumapili pamoja na koti la sufu la kijani, lile ambalo kitambaa chake Gustave alikifuma mwenyewe kwenye mtambo wake. Alikuwa anakaa jikoni ameipa ngazi mgongo, anasubiri twende kanisani. Sijafika hata ngazi ya mwisho, anasema, "Odette ameshuka." Bila kugeuka. Miaka yote ile mpaka chupa ikakauka, na kiwanda chenyewe kikafungwa.

Sikwambii nina matumaini. Nimechoka hata kuyabeba. Nataka aniite jina langu mara moja tu, halafu aendelee na safari yake.

Lakini sitaki kumchanganya kichwa kwa kitu cha bandia. Wewe uko hapo Grasse, mji wa manukato, na pua unayo, ulikula mshahara wa pua hiyo maisha yako yote. Nenda dukani ukaninusie. Ukisema ndiyo yenyewe, nitainunua. Ukisema siyo, nitaacha.

Mdogo wako,
Odette


Grasse, 2 Februari 1997

Mdogo wangu Odette, mke wa mla viazi,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, mgongo, meno na heshima. Mimosa imechanua mlima mzima, manjano kila mahali, utadhani Mungu amevunja mayai. Assunta jirani yangu anakusalimu, yule mjane wa Kiitaliano kutoka Kalabria aliyekuwa akichuma asumini. Bado ana mdomo. Juzi ameniambia nguo zangu zinaweza kusimama zenyewe bila mimi. Nikamjibu kwamba hiyo ni faida, zitakuja kunizika.

Mpe shemeji salamu zangu. Mwambie bado ananidai mchezo wa karata, na kwamba mtu akikata waya wa simu kwa sababu kuna mtu ndani anasema vibaya, huyo si mgonjwa, huyo ameelewa.

Haya, duka. Nilivaa koti la mazishi nikaenda. Kuna binti mmoja pale, mwembamba kama mshumaa wa sadaka. Akaniambia:

"Karibu, baba. Unatafuta zawadi ya mama?"

"Mama nilimzika, ameridhika."

"Ya mchumba basi?"

"Mchumba anataka kwanza nioge."

Akacheka, akachovya kijikaratasi, akakipepea mbele yangu kama padri na kile chombo chake cha ubani. "Haya, unasikia nini?"

Nikafumba macho, nikavuta hewa mpaka vifungo vya koti vikalalamika. Nikamwambia, "Binti yangu, nasikia uongo."

Siyo yenyewe, dada. Ile ya kweli ilianza kwa ukali, chungwa bichi na kikonyo cha maharage kilichovunjwa. Halafu asumini, na si ile ya alfajiri ya kupelekewa Bikira Maria, ni ya saa nne, iliyoanza kulala kwenye gunia na kuota mambo mabaya. Halafu karafuu kidogo, halafu unashuka chini: kuvu za mwaloni, zile ndevu za kijivu, na ngozi ya tandiko, na zabadi. Zabadi, yaani kile kinachotoka kwenye matako ya fungo na kuwafanya mabibi wa Paris wapendwe. Hii mpya mbele ipo, nyuma hakuna, kama padri wetu wa sasa.

Jioni nikawaambia wenzangu mezani kwenye karata, wazee wote wa kiwanda. Wote wakasema hata wao walijua siyo. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuinusa, lakini wote walijua.

Kwa hiyo acha. Mpikie supu, mfunike miguu. Kufufua maiti ni kazi ya mmoja tu, na hata Yeye hakuirudia mara nyingi.

Kaka yako,
Titin


Roubaix, 9 Machi 1997

Kaka Titin,

Sisi wazima, tunashukuru. Mfereji umeyeyuka, sasa unanuka. Francine amepata homa ya mapafu, amepona, lakini kwa siku kadhaa nilikuwa peke yangu na sikuandika.

Nimekuelewa kuhusu Vesprée. Niliacha, kama nilivyosema. Niliacha kama wiki tatu hivi.

Halafu Gustave akaanguka bafuni. Hakuvunjika kitu, ila sikuweza kumwinua. Tulikaa sakafuni pale, yeye na mimi, tumeegemea beseni, mpaka mchana mama mwenye duka la mikate alipoona sijafika akatuma mtu. Tulipokuwa tumekaa akaniuliza, "Bibie, una watoto?" Nikamwambia ninaye mmoja, msichana. Akasema, "Sisi pia tuna msichana." Akanishika mkono akanipiga piga, kunituliza. Alidhani mimi ndiye niliyeanguka.

Francine na daktari wamekwishaongea. Kuna nafasi kwa watawa wa Tourcoing, kwenye nyumba ya wazee, baada ya Pentekoste. Sikubisha. Nilidhani nitabisha.

Kwa hiyo nimebadili mawazo. Hata kama haina nyuma kama unavyosema, nitumie. Huku kwetu hakuna duka linaloiuza, na kwenda Paris siwezi kumwacha. Akienda kwa watawa, atanukia sabuni ya watawa, na mimi nitakuwa mgeni wa Jumapili. Nataka kabla ya hapo.

Odette


Grasse, 13 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Goti lilinisimamisha. Kisha Pasaka ikanisimamisha, kisha mchezo wa kurusha mipira ya chuma, maana tulikuwa na mashindano na majirani zetu wa Mouans, tukashindwa kwa heshima, yaani tulishindwa lakini tulikunywa zaidi yao. Maharage mabichi yameingia sokoni. Paka wa Assunta amezaa kwenye kofia yangu.

Nimesikitika kwa habari ya bafuni. Mwambie shemeji mtu wa kaskazini haanguki, anajilaza.

Kuhusu ile chupa. Nimefikiri, kwa nini nikutumie kitu cha kubuni? Nimeanza kuulizia kwa watu kama kuna mwenye chupa ya zamani iliyobakia, iliyofungwa vizuri, ya kiwanda chenyewe. Mjane wa yule aliyekuwa mpishi wa mafuta huenda anayo kabatini. Yuko Nice kwa mwanawe, atarudi. Tusikimbilie. Manukato na pombe havina haraka.

Kuna mambo mengine nilitaka kusema lakini karatasi imekwisha.

Titin


Roubaix, 20 Aprili 1997

Titin,

Karatasi haikuisha. Nyuma kote ni kweupe.

Salamu zitafuata chini, leo naanza na neno. Ule mkate wa Krismasi ulikuwa unanuka mafuta ya taa. Sijui uliuweka karibu na nini. Ulinuka hivyo kabla sijafungua kamba. Gustave aliula wote, kweli, siku hizi anaweza kula hata sabuni. Mimi kipande changu nilikitema kwenye leso, nikakaa nikijiuliza: Titin ambaye alikuwa anajua kwa harufu ya ngazi nani amepita, amefungaje mkate huu kwa mikono yake asijue?

Nikanyamaza. Nilidhani umezeeka tu, kama sisi sote.

Halafu barua yako ya Februari. Nimeisoma tena. Asumini ya saa nne iliyolala kwenye gunia, ndevu za mwaloni, tandiko la farasi: hayo ni maneno ya marehemu baba, Titin. Aliyasema kila Jumapili mezani akitaka mama akasirike. Umeninakilia baba. Kuhusu hii mpya hukuandika hata neno moja, isipokuwa kwamba haina nyuma, na hilo nalo umelikopa kwa matusi ya padri.

Tangu lini huna pua?

Sikuulizi ili kukuaibisha. Ninaye mmoja ndani asiyejua mke wake, siwezi kushangaa kaka asiyesikia harufu. Ila ulinijibu "siyo yenyewe" nami nikakuamini, nikakaa. Gustave wa Januari alikuwa bado anaimba akinyolewa. Huyu wa sasa haimbi.

Huku ni wazima. Watawa wameleta orodha ya nguo za kushonea jina.

Odette


Grasse, 26 Aprili 1997

Odette,

Tangu mafua ya mwaka juzi. Yalikuja siku ya Watakatifu Wote, yakakaa mwezi, yakaondoka na mizigo yangu. Daktari alinimulika taa puani kama anatafuta funguo, akasema huenda itarudi. Haikurudi. Kahawa ni maji ya moto. Divai ni maji baridi. Ninakula kwa heshima ya wapishi.

Ningemwambia nani? Wewe uko mbali, huelewi tena. Mtu wa Grasse asiye na pua ni kama padri asiye na, nitaacha hapo. Pale mezani kwenye karata nikisema sisikii kitu, watanizika kabla ya Jumapili na watacheza kwa mkono wangu. Kwa hiyo nikiwekewa kitu mbele nafumba macho na kusema si kama zamani. Hakuna hata siku moja aliyenibishia. Mji huu ukisema si kama zamani, unapewa kiti.

Sikutaka kukudanganya wewe. Nilitoka dukani nikakaa kwenye kibaraza cha chemchemi, nikajaribu kile kijikaratasi mpaka kikalowa jasho. Nikaona nikiandika "sijui", utauliza kwa nini. Nikaandika kile kinachosemwa na wote. Nimekula miezi yako. Siwezi kuitapika.

Barua yako ilipofika nilikwenda moja kwa moja kununua chupa. Yule binti mshumaa akaniuliza, "Baba, si ulisema ni uongo?" Nikamwambia, "Funga. Nimeuzoea."

Nikarudi nayo nyumbani, nikakaa nayo jikoni. Nikapuliza karatasi. Hakuna. Nikapuliza nyingine. Hakuna. Nikapuliza gazeti, kitambaa cha meza, mkono, kofia yenye watoto wa paka. Nilikaa pale mchana mzima, dada, kama mwizi anayejaribu funguo. Assunta akaja kuomba majani ya kotimiri. Bado yuko mlangoni, akasema:

"Titin, umeoa?"

"Kwa nini?"

"Nyumba inanukia mwanamke. Si mwanamke, ni ukoo mzima."

"Nimemwaga kidogo."

"Umemwaga? Mpaka paka wanapiga chafya!" Akaja mbele yangu akanitazama. "Inanukiaje, wewe mtaalamu?"

"Vizuri."

"Fumba macho." Nikafumba. Akaniwekea kitu puani. "Nini hii?"

Nikavuta. Nikafikiri. Nikasema, "Waridi."

"Ni kichwa cha samaki," akasema. "Cha juzi. Nilikuwa nampelekea paka."

Basi, hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Mwanamke aliyenicheka tangu mumewe yuko hai, hakucheka. Akakaa, akachukua chupa. Nikampa karatasi, akaitupa. "Karatasi ni ya wauzaji, haina joto." Akapuliza pembe ya shali lake la sufu, akaiacha. Akanimenyea maharage yangu yote bakuli zima, bila kunusa, huku akinisimulia ugomvi wa dada zake. Alipomaliza ndipo akainua ile pembe ya shali.

Akainusa. Nikamuuliza.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Wameipunguza makalio. Na asumini si ya huku, imetoka mbali, imechoka njiani. Lakini ndiyo yenyewe. Mtumie dada yako, mpumbavu wewe."

Kifurushi kimekwenda leo kwa njia ya haraka. Nimekifunga kwa kitambaa safi, Assunta amekinusa kitambaa kwanza.

Nina ombi, na una haki ya kulikataa. Ukiifungua, niandikie inavyonukia. Mimi nabaki na maneno ya baba tu, na hayo yamekwisha makali. Nataka ya mtu mwingine.

Na yakitokea yoyote kwa Gustave, hata kama hakuna, niambie hakuna.

Titin


Roubaix, 25 Mei 1997

Kaka Titin,

Salamu nyingi kwako, na kwa Assunta zaidi yako. Francine anawasalimu. Mvua imepumzika. Nimelala usiku tatu mfululizo bila kuamka na sijui nifanye nini na nguvu hizi, kwa hiyo nakuandikia.

Kifurushi kilifika salama. Chupa ni ile ile, mabega yale yale, ila kifuniko ni chepesi. Nilisubiri Gustave anywe kahawa, nikajipaka viganjani na shingoni, nikakaa karibu yake. Akasogeza kiti. Akasema, "Bibie, unakwenda dansini?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Ungekwenda. Wewe bado kijana." Basi, hapo tu. Nilijaribu tena kesho yake, na wiki yote. Mara moja akapiga chafya. Nikakuandikia barua kwamba hakuna, kama ulivyoomba. Sikuituma, sikuwa na stempu, na kwenda kununua stempu kulikuwa safari.

Jumamosi kabla hajaondoka nilikuwa nashona majina kwenye fulana zake, ile orodha ya watawa. Barua yako ilikuwa mezani, na jicho likaangukia pale Assunta anapotupa karatasi. Nikaacha sindano.

Titin, mimi sikuwahi kupaka Vesprée mwilini. Ila mara moja tu. Unamkumbuka mama yake Gustave? Nilipofika huku bibi harusi, siku ya kwanza tu, alinusa shingo yangu akasema huku kwao mwanamke anayenukia shingoni anatafuta mwanamume, na mimi nimekwishampata. Kwa hiyo nilikuwa naitia chini ya kola ya koti, ndani, kwenye sufu, Jumamosi mchana, koti likalala nayo kabatini mpaka Jumapili. Na mvua ya huku ikailowesha, na nywele zangu, na ubani wa kanisa. Hiyo ndiyo iliyoshuka ngazi. Kile alichokijua Gustave hakikuwa ndani ya chupa, au kilikuwamo nusu. Nusu nyingine aliifuma mwenyewe.

Nikalitoa koti. Linanuka dawa ya nondo, nikalining'iniza dirishani. Mchana nikaitia chini ya kola kama zamani, nikalirudisha kabatini.

Umetaka nikuandikie inavyonukia. Mimi si baba, nitasema kama mimi. Mwanzo inachoma, kama ganda la chungwa ukilibinya karibu na jicho. Hiyo inapita upesi, ni ya kuwatisha watu. Halafu yanakuja maua, lakini si ya bustanini, ni kama maua ya chumba ambacho watu wametoka sasa hivi na wamekiacha na joto lao. Karafuu ipo, kwa mbali, kama mtu anayepika nyumba ya tatu. Halafu kwenye sufu, asubuhi, vyote hivyo vimekwishakwenda na kimebaki kitu kimoja cha chini, kikavu, kama msitu baada ya mvua, na ndani yake kidogo cha mnyama. Assunta amesema kweli, huko chini pamekuwa pepesi. Zamani ulikuwa unazama, sasa unasimama. Si yenyewe kabisa. Na mimi nilipolivaa koti, mabega yalining'inia. Sisi wote wawili tumepungua.

Jumapili nilimkalisha jikoni, ameipa ngazi mgongo. Nilikuwa nimechoka, goti langu nalo ni ndugu wa lako, nikashuka nimeshika ukuta. Sikutarajia kitu, nakuapia. Nilikuwa nawaza kama nimezima pasi.

Nikiwa sijafika chini, akasema, "Odette ameshuka."

Hivyo hivyo. Sauti ile ile, ya mtu anayesema mvua imeanza. Bila kugeuka.

Nilisimama pale. Nilishindwa kumaliza ngazi mbili zilizobaki. Kisha nikaenda mbele yake, nikainama ili anione. Akaniangalia, akatabasamu, akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Bibie," akasema, "umepishana na mke wangu? Amepita sasa hivi."

Nikamwambia tumepishana.

"Amevaa koti la kijani?"

"La kijani."

"Kitambaa kile nilikifuma mimi," akasema. "Hakina hata fundo moja. Wanawake wengine wanavaa, wanaonekana wamevaa koti. Yeye akivaa, unaona ni Odette."

Akasema Odette, Titin, akasema tena, na tena. Aliniambia jinsi alivyomkuta Odette, yeye akiwa askari huko chini kwenu, na kaka yake mmoja mwenye mdomo mchafu aliyetaka kumpiga kwa mpini wa koleo. Aliniambia kwamba Odette hajui kupika viazi lakini nisimwambie mtu. Aliniambia mambo ambayo mwenyewe hakuwahi kuniambia, miaka arobaini na sita, na sitakuandikia, ni yangu. Nilimsikiliza kama jirani. Mikono nilikuwa nimeikunja kwenye mikono ya koti la Odette.

Halafu akachoka. Akaniuliza kama Odette atakawia. Nikamwambia hatakawia.

"Mwambie nimemwekea nafasi hapa," akasema, akasogea kidogo kwenye benchi, upande wa ukuta. Nikamwambia nitamwambia. Nikakaa hapo.

Jumanne tulimpeleka. Watawa ni wakarimu. Yule wa zamu alitaka lile koti la kijani nililomwachia Gustave likafuliwe kwanza, nikamwambia nitamvunja mkono, akadhani natania. Linalala kwenye magoti yake, joto hili la Mei. Nimemwonyesha mtawa mahali pa kupuliza, ndani ya kola, Jumamosi mchana, si siku nyingine, asije akamzoesha. Nitakwenda kila Jumapili, leo nimeanza. Amenipokea vizuri, akaniambia, "Bibie, umechelewa kidogo, Odette ametoka hapa sasa hivi."

Usikasirike na pua yako. Imefanya kazi yake, ipumzike. Ukikaa mezani kwenye karata na wakasema si kama zamani, sema nao. Ni kweli.

Nimebakiza zaidi ya nusu ya chupa.

Mdogo wako,
ODETTE

Nimeliandika kwa herufi kubwa, makusudi.